Marejesho ya sifuri

Jioni ya tarehe 30 Juni mwaka jana nilikuwa kwenye foleni ndefu ya saiba moja ya Kondele, hapa Kisumu, nikisubiri kujaza marejesho ya kodi ambayo ningeweza kuyajaza tangu tarehe 1 Januari. Yangu yalikuwa marejesho ya sifuri, yaani ya mtu ambaye hakuwa na mapato yoyote mwaka mzima, na zamu yangu ilipofika, kijana wa saiba aliyamaliza kwa dakika chache tu. Nilikuwa nimeyaahirisha kwa karibu miezi sita, huku nikijua fika kwamba faini ya kuchelewa ni shilingi 2,000, pesa ambazo sikuwa nazo.

Mama huuita huo uvivu. Ningekubaliana naye, ila nakumbuka nilivyokuwa nikifanya: kila nilipofungua tovuti ya KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, niliinuka nikaenda kusugua sufuria kwa jivu hadi zikang'aa, na siku moja nilitembea mpaka soko la Kibuye kununua omena ambazo hakuna aliyekuwa amenituma. Mvivu gani husugua sufuria tatu jua la saa saba?

Wanasaikolojia Fuschia Sirois na Timothy Pychyl walieleza katika makala yao ya mwaka 2013 kwamba anayeahirisha hulemewa na hisia kuliko anavyolemewa na saa: kazi humtia wasiwasi, aibu au uchovu wa moyo, naye huiweka kando apate nafuu ya papo hapo, deni likabaki kwa yule atakayekuwa yeye wiki ijayo. Tena nafuu hiyo ni ya kweli, na hapo ndipo mtego ulipo. Nilipoifunga ile tovuti nilihisi mabega yakilegea, na mwili ukajifunza kwamba kukimbia kuna faida. Nilichokikimbia ni ile sifuri, kwa sababu kuijaza kulikuwa sawa na kukiri kwa maandishi kwamba mwaka mzima nilitafuta kazi nikakosa.

Shajara hazikunisaidia (ninazo mbili, zote tupu). Kilichonishangaza ni utafiti uliochapishwa mwaka 2010 kuhusu wanafunzi 119 wa mwaka wa kwanza katika Chuo Kikuu cha Carleton, Kanada, ambako waliojisamehe kwa kuahirisha kusoma kabla ya mtihani wa kwanza walipunguza kuahirisha walipojiandaa kwa ule uliofuata. Mimi nimelelewa kuamini kwamba mtu hujirekebisha kwa kujikaripia, na kwa miezi sita nilijikaripia kila usiku, jambo ambalo liliifanya tovuti ile inichukize zaidi kulipokucha.

Mwaka huu nimeyajaza mwezi Machi, kwa simu, nikiwa nimeketi jikoni. Bado ni ya sifuri. Sufuria zilikuwa zimejaa masizi.