Daftari la kisunzi cha Bibi

"Nina kisunzi," Bibi alimwambia daktari. Daktari, kijana wa bara, akanigeukia. "Kizunguzungu," nikamfafanulia. Akauliza: anaona nyumba inazunguka, au macho yanaingia giza akisimama? Sikuwa na jibu. Mwaka wa pili huo naishi na Bibi hapa Tanga, namfuatia dawa, namkanda magoti, na sikuwahi kumuuliza kisunzi chake kikoje.

Tukiwa kwenye foleni ya dirisha la wazee nikatoka kununua daftari la shule. Ukurasa wa kushoto nikaandika maneno ya Bibi, wa kulia maneno ya hospitali.

La kwanza lilikuwa presha. Bibi anameza dawa ya presha ya kupanda miaka mingi. Muuguzi alimpima amekaa: 148 kwa 84. Akamsimamisha, akasubiri dakika tatu, akampima tena: 122 kwa 70. "Akisimama ana presha ya kushuka," akasema. Nikadhani mashine mbovu. Mtu mmoja atakuwaje na zote mbili? Mama yule alinieleza taratibu. Namba ya juu ni msukumo wa damu moyo unapopiga, ya chini ni moyo unapopumzika. Ukisimama, damu huteremka miguuni, na mishipa hutakiwa kubana haraka kuirudisha juu. Mishipa ya mzee huchelewa, na baadhi ya dawa huichelewesha zaidi. Namba ya juu ikishuka 20 au zaidi, au ya chini 10, hapo kuna jambo. Nikamkumbuka Bibi alivyoanguka alfajiri akienda kutawadha.

Shangazi alitaka tuache dawa kabisa. Nilikataa, ubishi ukawa mkubwa. Daktari ndiye aliyepunguza dozi, na Bibi akafundishwa kukaa kwanza ukingoni mwa kitanda, achezeshe miguu, ndipo ainuke.

Maneno mengine yaliingia kwa urahisi. "1x2" kwenye bahasha ya dawa ni kidonge kimoja mara mbili kwa siku. Presha ya macho si presha inayopimwa mkononi. Unaweza kuwa na moja bila nyingine. Mtoto wa jicho ni kitu kingine tena, huo ni ukungu kwenye lenzi na huondolewa kwa upasuaji.

Lililonitoa jasho ni kuchanganyikiwa. Jumamosi moja ya joto kali Bibi aliamka akimwita Babu, ambaye ni marehemu, na mimi akaniita kwa jina la kaka yake. "Ndiyo uzee huo," Shangazi akasema. Jirani akashauri kombe, yale maji ya kunywa yaliyooshewa aya za Kurani. Nikafungua daftari. Yule muuguzi aliwahi kuniandikisha mistari miwili: ugonjwa wa kusahau huja polepole, kwa miezi na miaka, kuchanganyikiwa kwa ghafla huja kwa saa au siku, na kuna kitu kinachokusababisha, kitafutwe upesi.

Basi safari hii sikusema "kazeeka". Nilisema: "Alhamisi alikuwa anamhesabia chenji muuza samaki. Leo hanijui." Daktari aliacha kuandika akaniangalia. Akaagiza mkojo upimwe. Ilikuwa yutiai (UTI), yaani maambukizi ya njia ya mkojo, na mwili umepungukiwa maji. Hakuwa na homa wala hakulalamika kuungua akikojoa. Kwa wazee, nikaambiwa, dalili hizo huweza kukosekana.

Na maji yalipunguaje? Hapo niliona aibu. Baada ya kuanguka kule nilimkataza kutoka peke yake usiku. Bibi hakutaka kuniamsha, akaona dawa ni kuacha kunywa maji tangu alasiri. Alinisitiri mimi, yeye akaumia.

Alipewa antibayotiki, nasi tukamnywesha maji na uji mwepesi kidogo kidogo. Siku ya nne aliuliza nani kamhamishia kanga zake, nikajua karudi. Sasa ana ndoo yenye mfuniko kando ya kitanda, na kengele ya baiskeli niliyoifunga kwenye mchago. Anaipiga hata akitaka chai.

Kliniki ya mwezi uliopita alikuwepo daktari mgeni. Nikafungua daftari nisome, Bibi akanishika mkono.

"Ngoja, mjukuu wangu." Akamgeukia daktari. "Kisunzi changu si cha kuzunguka. Ni cha giza, nikisimama. Na maji nakunywa."