Kujua kama mtoto mchanga anashiba ukiwa mbali na kwenu

Mama anayejifungua ughaibuni, bila mama mzazi wala shangazi ndani ya nyumba, huandamwa na swali moja: je, mtoto anashiba? Ziwa halina alama za kupimia kama chupa, na mtoto akilia tu, ushauri unaokuja kwa simu kutoka nyumbani ni kwamba maziwa hayatoshi, aongezewe ya kopo au aonjeshwe uji mwepesi. Nawaheshimu sana wazee wetu, lakini kilio peke yake si ushahidi wa njaa, kwani watoto wengi hunyonya mfululizo nyakati za jioni na kulialia, ilhali uzito wao unapanda vizuri.

Hapa Uingereza wakunga walinifundisha kusoma nepi. Choo cha siku za mwanzo huwa cheusi na cha kunata. Maziwa yakiingia hugeuka kijani, na kufikia siku ya 5 kinapaswa kuwa cha manjano na laini, angalau mara 2 kwa siku, pamoja na nepi 6 au zaidi zilizolowa kila baada ya saa 24. Kwa kuwa nepi za dukani hufyonza mno hata mkojo usionekane, mkunga wangu alimimina vijiko 3 vikubwa vya maji kwenye nepi kavu, akanipa niishike ili mkono wangu uuzoee uzito ule.

Kisha kuna mizani. Mtoto kupungua uzito siku za kwanza ni kawaida, ila akipoteza zaidi ya asilimia 10 hufuatiliwa kwa karibu, na wengi huwa wameurudia uzito wa kuzaliwa kufikia wiki ya 3. Chati inayotumika hapa kwa watoto wadogo imetokana na viwango vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2006, vilivyopatikana kwa kupima watoto walionyonyeshwa katika nchi 6, zikiwemo Ghana na Oman. Kwa hiyo wanetu wamo, na hakuna sababu ya kumlinganisha mtoto na wa jirani aliyenona.

Anayenitia hofu mimi ni mtoto mpole kupita kiasi, anayelala moja kwa moja bila kudai ziwa, akiamshwa ananyonya kidogo na kusinzia tena, mdomo umekauka na nepi haina uzito. Huyo usimsifu kwa utulivu wake. Mpigie mkunga siku hiyohiyo, na ikiwa ni usiku piga 111, nambari ya ushauri wa afya hapa Uingereza.