Mguu Kifundo wa Mwanangu: Plasta Sita na Miaka ya Viatu vya Usiku

Mwanangu wa pili alizaliwa akiwa na afya njema, isipokuwa mguu wake wa kulia ulikuwa umepinda kuelekea ndani, unyayo ukitazama mguu mwenzake na kisigino kikiwa kimevutwa juu kama cha mtu anayechuchumia. Mkunga aliniambia siku ile ile kwamba hali hiyo huitwa mguu kifundo, kwamba humpata takriban mtoto 1 kati ya 1,000, wavulana zaidi kuliko wasichana, na kwamba hutibika vizuri matibabu yakianza mapema. Nyumbani mama mkwe aliniuliza kwa upole, "Mwanangu, ulipokuwa mjamzito hukumcheka mtu mwenye ulemavu?" Nikamjibu, "Hapana, mama," lakini swali lile lilinikaa moyoni. Tulipokwenda kliniki mjini Morogoro mtoto akiwa na wiki mbili, nilimwomba tufuatane, naye akasikia kwa masikio yake kwamba chanzo mara nyingi hakijulikani na kwamba hakuna kicheko chochote kinachoweza kupinda mguu wa mtoto tumboni.

Kilichonisaidia kuliko kitu kingine chochote ni kwamba mtaalamu aliyetupokea alitueleza jinsi mguu ulivyojengwa kabla hajaugusa. Wayo mmoja wa binadamu una mifupa 26, kwa hiyo nyayo mbili zina mifupa 52, yaani robo hivi ya mifupa yote 206 ya mtu mzima. Katika mguu kifundo hakuna mfupa uliovunjika. Ni mpangilio uliopotoka. Mfupa uitwao talasi, unaobeba uzito wa mwili chini ya ule wa muundi, hubaki katika kifundo cha mguu, huku mfupa mdogo wa navikula ulio mbele yake ukiwa umesogea upande wa ndani, na mfupa wa kisigino ulio chini yake ukiwa umezunguka kuufuata. Ligamenti za upande wa ndani, yaani nyuzi ngumu zinazounganisha mfupa na mfupa, pamoja na kano kubwa ya kisigino huwa fupi na zimekaza, hivyo huishikilia mifupa hiyo mahali pasipo pake. Sehemu kubwa ya wayo wa mtoto mchanga bado ni gegedu. Navikula yenyewe huanza kuwa mfupa mgumu baada ya miaka kadhaa, na ndiyo maana kwa kichanga haionekani kwenye picha ya eksrei. Nilipolielewa hilo, nilielewa pia kwa nini tulihimizwa tusichelewe.

Njia iliyotumika ni ile iliyobuniwa na Dkt. Ignacio Ponseti, mzaliwa wa Minorca nchini Hispania, aliyefanya kazi katika Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani. Kila wiki mtaalamu alinyoosha mguu polepole kwa vidole, dole gumba moja likiwa limekandamiza kichwa cha talasi kwa upande wa nje, wala hakukishika kisigino, kwa sababu kisigino hujirudi chenyewe sehemu ya mbele ya wayo inaposogezwa nje. Kisha alizungushia pamba na kufunga plasta, ile ambayo wengi huiita hogo, kuanzia vidoleni hadi kwenye paja, goti likiwa limekunjwa. Plasta ya kwanza ilinitisha, kwa kuwa wayo ulionekana umegeuzwa juu zaidi ya ulivyozaliwa nao. Nilipouliza, nikaelezwa kwamba hatua ya kwanza ni kuinua sehemu ya mbele ili ilingane na ya nyuma. Asiyelifahamu hilo anaweza kudhani mtoto anaharibiwa. Nyumbani kazi yangu ilikuwa kuvitazama vidole kila mara, kuvibonyeza hadi vipauke na kuhakikisha damu inarudi upesi.

Baada ya plasta ya tano wayo ulikuwa umenyooka, ila kisigino bado kilikuwa juu. Daktari alimchoma ganzi akaikata kano ya kisigino kwa tundu dogo, jambo ambalo watoto wengi wenye hali hii hulihitaji, kisha akafunga plasta ya sita, iliyokaa wiki tatu ili kano iunge upya ikiwa imerefuka.

Nilidhani tumemaliza, kumbe sehemu ngumu ilikuwa inaanza. Mtoto alipewa viatu maalumu vilivyounganishwa kwa kipande cha chuma chenye upana wa mabega yake, cha kulia kikiwa kimegeuzwa nje zaidi kuliko cha kushoto. Miezi mitatu ya kwanza alivivaa saa 23 kwa siku. Baada ya hapo vikawa vya usingizi, hadi afikishe miaka minne au mitano. Alipokuwa na miezi minane alilia usiku mfululizo, nami kwa uchovu na huruma nikamwacha bila viatu kwa muda wa wiki tatu hivi. Wayo ulianza kugeuka ndani na kisigino kikawa kigumu kushuka. Tulirudi kliniki akafungwa plasta nyingine mbili, na hapo ndipo ilipogundulika kwamba kiatu kilikuwa kimembana kwa sababu mguu ulikuwa umekua. Tangu wakati huo akilia namvua, nautazama mguu kama una wekundu au lengelenge, namvika soksi kavu, nahakikisha kisigino kimefika chini kabisa, kisha nafunga mkanda wa katikati kwanza. Mama mkwe alijifunza kufunga vizuri kuliko mimi, na nikiwa zamu ya usiku kazini yeye ndiye anayemvika.

Sasa ana miaka minne. Shavu la mguu wake wa kulia ni jembamba kidogo na wayo ni mfupi kuliko wa kushoto, na daktari ametueleza kwamba tofauti hiyo itabaki. Kila Jumamosi namwomba achuchumae bila kuinua visigino, kwa maana kano ikianza kukaza huonekana hapo kwanza. Wiki iliyopita sikuhitaji kumwomba. Nilimkuta jikoni amechuchumaa kando ya bibi yake wakichambua mchele, visigino vyote viwili vikiwa chini.