Nilivyoweza kuvaa upanga wa Kirumi upande wa kulia na kuuchomoa bila kuhangaika

Watu wengi wanadhani askari wa Kirumi alivaa upanga kushoto, lakini askari wa kawaida wa lejioni, yani kikosi kikubwa cha jeshi la Kirumi, karne ya 1 BK aliuvaa kulia, upande uleule wa mkono unaouchomoa, na kila tukifanya maonyesho swali la kwanza la wageni ndo hilohilo, sasa anautoaje jamani? Mi niko kwenye kikundi cha kuigiza historia huku Uingereza, pande za Colchester, mji ambao Warumi waliweka ngome ya lejioni muda mfupi tu baada ya kuvamia mwaka 43, na upanga niliopewa kuazima ulikuwa umefungwa chini sana, yani ukitembea unakugonga goti, ukikimbia unazunguka unaenda nyuma, alafu ukivuta mpini ala nayo inapanda juu pamoja nao. Nikaona bora nikate ukanda mpya kabisa wa begani unaoendana na mwili wangu.

Kabla sijagusa ngozi nilienda kuangalia mawe yenyewe. Makumbusho ya Colchester yako ndani ya ngome ya Wanormani iliyojengwa juu ya msingi wa hekalu la kaizari Claudius, na humo kuna jiwe la kaburi la Marcus Favonius Facilis, akida, yani afisa anayeongoza kundi la askari, wa Lejioni ya 20, lilichimbuliwa mwaka 1868. Kasimama kichwa wazi, fimbo yake ya mzabibu, alama ya cheo chake, mkononi, upanga uko KUSHOTO na jambia kulia. Hapo ndo wengi wanachanganyikiwa, wanaona Facilis kavaa kushoto wanasema basi Warumi wote walivaa kushoto, hapana, huyo ni akida, maakida walivaa kinyume na askari wao. Ukiangalia mawe ya makaburi ya askari wa kawaida kule mto Rhine, Mainz na jirani zake, unakuta upanga kulia, jambia kushoto, mara nyingi kwenye mikanda miwili inayopishana kiunoni. Alafu Nguzo ya Trajan pale Roma, mnara wa mawe wa kaizari Trajan wa mwaka 113, imechongwa askari wengi wenye ukanda unaotoka bega la kushoto kuvuka kifua hadi kulia. Polybius naye, mwanahistoria Mgiriki aliyeandika karne ya 2 KK, anasema wazi upanga ulikaa kwenye paja la kulia. Josephus, mwanahistoria Myahudi wa karne ya 1 BK, ndo anasema askari wa miguu walivaa upanga mrefu kushoto na mfupi kulia, ila mi nikilinganisha maneno yake na mawe ya askari wenyewe nafuata mawe, sababu yalichongwa kwa ajili ya watu waliokuwa wanawaona askari hao kila siku.

Kitu nilichokiona kwenye karibu picha zote ni kwamba upanga unakaa JUU. Kirungu cha mpini kiko usawa wa kiwiko au hata juu kidogo, haukai pajani kama bastola. Kwa hiyo nilivaa kwanza kila kitu, nguo ya ndani, deraya ya pete za chuma, mkanda wa kiunoni, ndo nikapima kwa kamba ya kawaida kutoka kwenye ala kupita bega la kushoto na kurudi, maana deraya inaongeza unene na kipimo ulichochukua ukiwa na fulana tu hakitakufaa. Ngozi nilichukua ya ng'ombe, upana wa sentimita 2 na nusu hivi, imara lakini inakunjika.

Sasa ala ya Kirumi ina pete nne, mbili kila upande, zimeshikwa na vibanio viwili vya shaba. Watu wanabishana sana zilifungwaje zote nne. Mi nilijaribu kufunga zote, upanga ukatulia vizuri kabisa ila kuuchomoa ikawa kazi, ala haiyumbi hata kidogo na mkono unaishia kwapani huku ncha bado iko ndani. Nilipofunga pete mbili za juu tu, ya mbele na ya nyuma, nikaacha chini huru, mambo yakabadilika. Upande wa ukanda unaoshika pete ya mbele niliuacha mrefu kuliko wa nyuma kama sentimita 2, hiyo inafanya mpini uinamie mbele kidogo na ncha ya ala irudi nyuma, na hicho kipande kidogo ndo siri yote. Alafu mkanda wa kiunoni unapita juu ya ukanda wa begani, unaubana mwilini, ila haubani ala yenyewe. Ukikimbia upanga haurukiruki tena.

Kuchomoa sasa. Kiganja kinatazama nje, dole gumba chini, vidole vinaingia kati ya mpini na mbavu. Sukuma mpini mbele kidogo, chini itarudi nyuma yenyewe, kisha inua moja kwa moja, kiwiko kinapanda juu na nyuma, ncha ikitoka tu unageuza kifundo cha mkono na upanga uko mbele yako tayari kuchoma. Wangu ni wa aina ya Pompeii, aina mojawapo ya upanga mfupi wa Kirumi, bapa lake ni karibu sentimita 50, na kwa urefu huo mkono wangu unatosha.

Utaelewa faida yake ukishika ngao kubwa. Ngao kamili ya lejioni iliyopatikana kwenye mji wa kale wa Dura-Europos, Syria, ina urefu wa zaidi ya mita moja, na mkono wa kushoto umeishika, upanga ungekuwa kushoto ungebidi upitishe mkono wa kulia tumboni, nyuma ya ngao, na kiwiko kimgonge mwenzako. Wa kulia unapanda na kushuka palepale ulipo, ngao haisogei hata kidogo. Wamaasai niliowaona nyumbani Arusha nao sime zao huzivaa kiunoni kulia na kuzichomoa kwa mkono huohuo wa kulia, kwao hakuna anayeshangaa.

Kurudisha ndo kunataka subira zaidi kuliko kuchomoa, maana mkono wa kushoto una ngao huwezi kushika mdomo wa ala. Mi nabana ala kwa mkono wa mbele dhidi ya nyonga, naangalia chini, nateremsha ncha polepole. Makali yetu ni butu na ncha zimeviringishwa lakini bado usifanye haraka.

Ila kama unaigiza askari wa karne ya 3 haya yote weka pembeni. Wakati huo upanga mrefu, spatha, ulishahamia kushoto, unaning'inia kwenye ukanda mpana wa begani kama ule uliopatikana kwenye matope ya Vimose, Denmark, karibu sentimita 8 upana wake, na ala haina pete nne tena, ina kishikio kimoja upande wa mbele ambacho ukanda unapita ndani yake.