Mbegu za Taru

Leo nimepoteza shilingi elfu moja na mia tano kwa kusema kweli.

Mama mmoja alisimamisha gari mbele ya kitalu saa tano hivi, jua limeshaanza kuuma. Alizipita bogonvilia zote bila kuzitazama, akainama kwenye adeniamu yangu, ile yenye shina nene kama chupa na maua ya waridi yanayofifia kuelekea katikati. Nikamwambia elfu tatu na mia tano. Hakubisha. Mkono ulikuwa mkobani aliponiuliza, "Hii ya Thailand, sio?" Nikamjibu, hapana mama, mbegu zake ni za Taru, hapo ukienda Voi.

Mkono ukatoka mtupu. "Kumbe ya porini? Basi punguza, kaka." Akaichukua kwa elfu mbili.

Siwezi kumlaumu. Bogonvilia ilitoka Amerika ya Kusini, mkrismasi ukatoka Madagaska, na Mombasa nzima imejipamba kwa miti hiyo kwenye malango yake. Cha nyikani kinabaki kuwa kichaka. Na vibao vya "Thailand" nilivichomeka mwenyewe, miaka, hata kwenye vyungu visivyowahi kuona meli. Haki yao Wathai lakini: wao na Wataiwan wameufanyia kazi mmea huu, wakautoa wenye petali tabaka mbili tatu na wekundu unaokaribia weusi. Sisi tuliokuwa nao mlangoni tuliuacha ulishe macho ya tembo wa Tsavo.

Jina lenyewe, adeniamu, limetokana na Aden, bandari ya Yemen. Peter Forsskål, mtaalamu wa mimea katika msafara wa Denmark, aliukuta Uarabuni. Akafia Yemen mwaka 1763, na maelezo yake yakachapishwa 1775. Kwa hiyo vitabuni uliingilia Yemen. Nusu ya majirani zangu wana mababu wa huko, na hakuna anayewaombea punguzo.

Marehemu babu yangu wa Mariakani angecheka kuuona kwenye chungu cha kauri. Kwake ulikuwa mti wa sumu: utomvu wa kupaka mishale, na sisi watoto marufuku kuugusa. Hakukosea. Nikipogoa navaa glavu, na mteja mwenye watoto wadogo au mbuzi namweleza kabla hajalipa. (Mke wangu anasema ndiyo maana hatutajirika.)

Ila kuna jambo silisemi kitaluni. Zamani kidogo kijana mmoja alikuja na pikapu ana mashina kumi, makubwa, ya kupendeza, yote yameng'olewa nyikani. Niliyanunua. Mizizi ilikuwa imekatwa ovyo, nami kwa pupa nikayapanda siku ile ile na kuyamwagilia. Sita yakaoza kuanzia chini, yakawa laini kama papai bovu. Mti uliovumilia ukame miaka mingi, nimeuua kwa maji ndani ya mwezi mmoja. Aliporudi na mzigo mwingine nilimwambia sina nafasi, na nafasi nilikuwa nayo.

Tangu hapo naotesha kwa mbegu tu. Tawi hushika haraka, lakini shina lake halinoni vizuri, na wateja wanataka kitambi. Matunda hutoka mawili mawili kama pembe za mbuzi. Yakipasuka umechelewa: kila mbegu ina manyoya ncha zote mbili, upepo mmoja tu wa kusi unakupandia mtaa mzima. Kwa hiyo nayafunga mapema. Mbegu mbichi nazilaza kwenye mchanga mkavu-mkavu wenye kokoto, na kwa wiki moja zinachomoza. Halafu kazi ni kungoja. Kila ninapohamisha mche nauinua kidogo, ili kile kilichonona chini ya udongo kitokeze juu. Ile aliyoondoka nayo mama wa leo niliiinua mara tatu, kutoka mkebe wa maziwa hadi mkebe wa rangi hadi chungu.

Elfu mbili!

Jioni nimekuta pembe moja imeanza kufunguka, nikaivisha soksi kuukuu ya mwanangu. Kisha nikapita na ndoo, nikaving'oa vibao vya Thailand, isipokuwa viwili vilivyokuwa vya kweli. Kwenye vingine nimeandika TARU kwa wino mweusi. Chini yake nimeandika elfu nne.