Tairi nne mpya na spea ya zamani: Dodoma mpaka Kwa Mtoro

Safari yenyewe ilikuwa ya kupeleka mifuko 20 ya saruji na bati kwa bibi, kijijini Kwa Mtoro, basi. Ila kabla hatujatoka Dodoma mjini tulishamaliza siku nzima kwenye maduka ya tairi, maana mkonga wetu, Land Cruiser pikapu ya ukoo, ulikuwa umebaki na vipara vitupu na mjomba alishaapa hapandi hilo gari mwezi wa kwanza mvua zinanyesha. Mjomba kaendesha malori miaka mingi, akikataa amekataa.

Mi bwana nilikuwa na yangu kichwani. Nilikuwa nataka zile 265/70R16, pana, gari linakaa kibabe. Duka la kwanza jamaa akanipigia hesabu ya tairi pamoja na rimu zake, mana rimu zetu haziziingii, nikaona giza. Mjomba wala hakuuliza bei. Akauliza, "Ukipata pancha Farkwa, nani atakufungulia hiyo?" Farkwa ni kijiji cha njiani huko vumbini. Nikakosa jibu. Mkonga wetu unavaa 7.50R16, tairi jembamba la tyubu kwenye rimu ya ringi (duara la chuma linalobana tairi na linang'oka), na fundi pancha yeyote mwenye nyundo na vyuma viwili anaifungua chini ya mti. Afu kuna hili la tope, ukiingia kwenye udongo mweusi wa mbuga tairi jembamba linazama mpaka likute pagumu, pana linaelea juu juu linateleza tu. Kwenye mchanga ndo pana linashinda, hapo sibishi.

Kwahiyo tukabaki na saizi yetu, nkajua kazi imeisha, kumbe ndo inaanza. Duka la pili tairi zinang'aa balaa, nyeusi kama zimepakwa mafuta (na nadhani zilipakwa kweli). Mjomba kachuchumaa, kalamba kidole, kafuta vumbi kwenye ubavu karibu na rimu, akaniita. Kuna herufi DOT, namba za mwishoni 3117. Maana yake wiki ya 31 mwaka 2017. Yaani tairi limezaliwa 2017, muuzaji anakwambia mpya boss, imeingia juzi. Raba inazeeka hata ikikaa dukani haijagusa lami, inakauka inapasuka pasuka ubavuni, na huku kwetu ubavu ndo wa kwanza kuliwa na visiki. Tukatoka bila kugombana.

La tatu walikuwa na aina mbili zimepangwa pamoja, ukitazama haraka unasema ni kitu kimoja. Moja imeandikwa 7.50R16, nyingine 7.50-16, kile kistari tu. Yenye R ni redio, yaani radial, nyuzi zake za ndani zinakata moja kwa moja toka rimu hadi rimu, inatulia kwenye lami na haichemki sana. Yenye kistari nyuzi zinapishana kimshazari, ubavu mgumu kweli kweli, bei chini, lakini ukikimbia nayo lami ndefu inapata moto na usukani unatangatanga. Na hizo mbili huwezi kuchanganya ekseli moja. Sisi lami ni ndefu mpaka Chemba ndo tuingie vumbi, tukachukua redio zenye kashata (yale meno ya tairi) za wastani. Zile kashata kubwa kabisa niliziacha kwa shingo upande, ila zinaunguruma kama mashine ya kusaga na lami ikilowa hazishiki vizuri. Ubavuni 116/114, hiyo 116 maana yake inabeba kilo 1,250 kwa tairi moja, na saruji peke yake ni tani nzima.

Mjomba akasema chukua tano. Nikachukua nne. Hela ilikuwepo, nisidanganye, ila niliona spea inakaa tu kule chini inakula vumbi, ya nini kuivisha nguo mpya.

Tukatoka saa kumi na moja alfajiri, Msalato, Mayamaya, lami safi, gari limetulia mpaka mjomba akalala. Chemba tukanywa chai, tukaacha lami kushika njia ya Farkwa. Mto Bubu tulikuta maji ya kifundo cha mguu, tatizo mchanga. Nikapunguza upepo mpaka PSI 25, chini ya hapo mjomba alikataa, akasema tairi la tyubu likilegea sana linazunguka peke yake ndani ya rimu linang'oa vali ya tyubu. Tukavuka taratibu gia ndogo. Hapo nilijiona bingwa.

Mbele ya Farkwa nikapishana na ng'ombe, nikaingia pembeni kidogo, nikakanyaga kisiki cha mgunga chenye miba. Tairi la nyuma kushoto, jipya lina siku mbili. Tssss.

Spea ikashuka. Kipara, tena kipara cha kung'aa unaweza kunyolea ndevu. Mjomba hakusema kitu, alikaa kwenye jiwe anakula karanga ananiangalia napiga jeki. Tumetembea kama nusu saa mvua ikashuka, udongo mweusi, na ndo nikaelewa: difu (ile gia ya ekseli inayogawia tairi mbili nguvu) nguvu inaipeleka kwenye tairi linaloteleza, kwahiyo lile jipya la kulia limesimama kama mgeni rasmi, kipara cha kushoto ndo kinazunguka kinatupa tope mpaka juu ya bati. Tuling'oka baada ya masaa mawili, vijana sita na matawi ya miti, na mfuko mmoja wa saruji ulilowa.

Kwa bibi tulifika usiku. "Shikamoo bibi." "Marahaba, mbona mmekuja wekundu?" Weusi, bibi, weusi.

Asubuhi fundi akaja na baiskeli. Akapiga ringi kwa nyundo ikatoka, akavuta tyubu, akatuonyesha mwiba wenyewe, mrefu kama kidole changu cha kati. Akaziba, akafunga, na kabla ya kupampu akaligeuza tairi ringi iangalie chini, akalisukuma uvunguni mwa gari, nasi akatufukuza tukakae mbali, maana ringi ikiwa haijakaa sawa upepo ukijaa inaruka na inaua mtu. Elfu tatu. Zile rimu za 265 angezifanyaje sijui.

Tulipofika Dodoma mjomba akaniuliza tairi la tano nimenunua lini, nikamwambia jumamosi. Hakuuliza jumamosi gani.