Nilivyozoea namba kubwa za Wamarekani kwenye simu

Nafanya kazi ya disipachi huku Ohio, yaani nawatafutia madereva wa malori mizigo, na sehemu kubwa ya kazi ni kuskiliza bei kwenye simu. Kingereza nlikuja nacho toka Tanzania, barua naandika, taarifa ya habari naelewa yote, ila namba za mabroka, yaani madalali wanaotoa mizigo, zilikua hazikai kichwani kabisa.

Shule tulifundishwa 2,200 ni "two thousand two hundred". Broka hasemi hivyo, anasema "twenty-two hundred", yaani anahesabu ziko mia ngapi. 1,100 ni "eleven hundred", 1,500 ni "fifteen hundred", inaenda hivyo mpaka 9,900, ila ikifika elfu kamili wanarudi kwenye elfu, husikii mtu anasema "twenty hundred". Na kama mwisho kuna hamsini basi hata hiyo mia hawaitaji, 2,450 inakua "twenty-four fifty" na kashaendelea kuongea mambo mengine. Kumbe ndo vile vile wanavyotaja mwaka, 1963 ni "nineteen sixty-three", na miaka mimi nlikua naitaja bila shida toka shule ya msingi. Kwa hiyo nikaanza kuandika bei kama naandika mwaka, tarakimu mbili, halafu mbili zingine, bila kuipeleka kwanza kwenye Kiswahili kichwani. Hakuna kitu kilichonisaidia kama hicho.

Uzito nao una mambo yake. Mzigo wa paundi 43,500 anakwambia "forty-three five", elfu haitajwi, mia haitajwi, na wewe unatakiwa ujue. Unajuaje? Kwa kujua kazi yenyewe: kwenye barabara za Interstate, zile kuu zinazounganisha majimbo, lori na mzigo wake kwa kawaida havitakiwi kuzidi paundi 80,000, kwa hiyo mzigo wa arobaini na kitu lazima ni elfu. Huu ndo mchezo wote kwa maoni yangu, Mmarekani anaacha kutaja kile anachoamini tayari unakijua. "Four fifty" kwenye sendwichi ni dola 4.50, kwenye tairi ni 450, kwenye nyumba ni 450,000, maneno ni yale yale! So kabla sijapiga simu naandika pembeni bei natarajia icheze kati ya ngapi na ngapi, maili ngapi, uzito kiasi gani, halafu sikio linajua lisubiri nini.

Na tusiwalaumu sana maana sisi wenyewe ukimwambia mtu kodi ni "laki na ishirini" unamaanisha 120,000, elfu umeimeza, mgeni aliyejifunza Kiswahili kwenye kitabu si ataandika 100,020? Laki pia nlibidi niiache kwa muda, wao hawana, kila kitu ni mia ngapi za elfu, "two hundred fifty thousand", na hiyo "and" katikati Wamarekani wengi wanairuka wakati Waingereza wanaitaja.

Kilichobaki kigumu ni fifteen na fifty, hasa dereva akiwa kwenye mwendo na simu inakatakata. Hapo sibahatishi, nauliza "one five or five zero?" na hakuna aliyewahi kuniona mshamba kwa hilo, wenyewe wanaulizana hivyo hivyo. Mwisho wa simu bei naisoma tena kwa kirefu kama tulivyofundishwa shule, "two thousand four hundred fifty, correct?", broka akikubali namwomba atume ile karatasi ya kuthibitisha bei kwa imeili, na dereva haondoki mpaka nimeiona namba imeandikwa.